Anasoma vizuri, lakini ameelewa nini?



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba zake. Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu wa familia, juma hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida tumewaachia walimu wa shule peke yao, nalo ni ufahamu wa kusoma kwa watoto wetu wa darasa la nne hadi la saba. Tumelichagua kwa kuwa limetugusa sisi wenyewe, kamati pamoja na madrasa yetu, na tumeona si haki kulifunika.

Yaliyotukuta kwa bibi

Asubuhi moja tulitoka wanakamati watatu na akina mama wawili wa jumuiya kwenda kumjulia hali bibi mmoja wa mtaani kwetu. Bibi huyo anaishi na mjukuu wake, kijana wa darasa la sita. Macho ya bibi hayaoni tena maandishi madogo, hivyo mjukuu ndiye msomaji wa nyumba: husoma risiti za umeme, barua za serikali ya mtaa, na karatasi za hospitali. Tulimkuta bibi amejilaza, homa haijamwacha, ingawa alikwishapewa dawa na alikuwa akizimeza bila kukosa.

Mmoja wa akina mama tuliofuatana nao ni muuguzi mstaafu. Aliomba kuziona dawa, akazimimina kiganjani na kuzihesabu. Bibi alipewa vidonge 21, kimoja kila baada ya saa 8, kwa siku 7. Zilikuwa zimetimia siku nne kamili. Vilipaswa kubaki vidonge 9, lakini kiganjani mwake vilikuwamo 13.

"Bibi, unameza saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane mchana na saa nane usiku, mwanangu. Usiku mjukuu wangu huniamsha. Amenisomea vizuri sana, Mwenyezi Mungu amjaalie."

Kijana akaitwa, akatuamkia kwa adabu, akapewa ile pakiti aisome. Akasoma kwa sauti iliyonyooka, pasipo kukwama hata kwa herufi moja: kidonge kimoja kila baada ya saa nane. Tukamuuliza, basi bibi anapaswa kumeza lini? Akajibu, saa nane. Tukamuuliza tena, na hayo maneno "kila baada ya" yanatuambia nini? Kijana akaitazama pakiti, akanyamaza kidogo, kisha akayasoma upya maneno yale yale, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Hakuwa mzembe, wala hakumpuuza bibi yake. Mtoto anayekatiza usingizi wake usiku wa manane ili amhudumie mzazi ni mtoto wa kuombewa dua. Na lugha yetu yenyewe ina mtego hapo: saa nane ni wakati wa mchana au wa usiku, na saa nane vilevile ni muda wa kusubiri. Lakini mtego huo ulikuwa umekwisha kuteguliwa na maneno matatu yaliyotangulia, nayo kijana aliyatamka yote matatu bila kuyapa maana. Yule mama muuguzi alishauri bibi arudishwe zahanati siku ile ile ili waliompa dawa waamue la kufanya, na ikafanyika hivyo. Alhamdulillah, hivi sasa bibi anaendelea vizuri.

Lililotuumiza zaidi ni hili. Kijana huyo ni mwanafunzi wa madrasa yetu, na katika mahafali yaliyopita sisi wenyewe tulimpa zawadi ya msomaji bora. Tulimpa kwa sababu husoma haraka na kwa sauti nzuri. Hatukumuuliza hata mara moja ameelewa nini.

Kutamka na kufahamu

Mwaka 1986 wataalamu wawili wa elimu, Philip Gough na William Tunmer, walieleza jambo hili kwa hesabu nyepesi. Walisema kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa: uwezo wa kuzigeuza herufi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Tuzingatie kwamba vinazidishwa, havijumlishwi. Aliye na kumi upande mmoja na sifuri upande wa pili, jibu lake ni sifuri.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Watoto wetu wanasoma Kiarabu cha msahafu kwa tajwidi nzuri wakiwa hawajui maana ya maneno. Tusieleweke vibaya: kisomo hicho ni ibada, kina thawabu zake, na hatumshauri mzazi yeyote akipunguze. Tunachosema ni kwamba mtoto aliyezoea tangu utotoni kuwa kusoma ni kutoa sauti iliyo sahihi, na kwamba sauti ikitoka sahihi mwalimu huridhika, anaweza kuuhamishia mazoea hayo ukurasa wa Kiswahili, wa sayansi au wa maarifa ya jamii. Amri ya kwanza aliyoshushiwa Mtume (SAW) katika pango la Hira ilikuwa ni amri ya kusoma, na wanazuoni wetu wa tafsiri walitumia umri wao kutafuta maana. Tukiwafundisha watoto matamshi tukaishia hapo, tumewapa nusu ya urithi.

Katika madarasa ya mwanzo mtoto hujifunza kusoma. Kuanzia darasa la nne hivi, hali hugeuka, naye hutakiwa asome ili ajifunze. Vitabu vinakuwa virefu, picha zinapungua, na maneno mageni yanaongezeka. Hapo ndipo watoto wengi waliokuwa wakisifiwa huanza kurudi nyuma, na mzazi hushangaa kwa kuwa nyumbani bado anamsikia mwanawe akisoma bila kukwama.

Wala si tatizo la mtaa mmoja. Upo upimaji wa kimataifa uitwao PIRLS, ulioanza mwaka 2001, ambao hupima ufahamu wa kusoma kwa watoto walio katika mwaka wa nne wa shule. Katika upimaji wa mwaka 2021, Afrika Kusini ilionekana kuwa na asilimia 81 ya wanafunzi wa darasa la nne wasioweza kusoma na kupata maana. Watoto hao walipimwa katika lugha rasmi 11 za nchi yao, kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa tatizo lao lilikuwa Kiingereza peke yake.

Mtoto wa umri huu anatarajiwa aweze nini?

Tumeona ni vyema kueleza kwa mfano. Ifuatayo ni habari fupi tuliyoiandika kwa ajili ya ukurasa huu. Mpeni mtoto aisome, kisha muulizeni maswali yanayofuata.

Mzee mmoja alirudi kutoka shambani jua likiwa bado kali. Aliweka jembe chini, akatazama mbingu upande wa baharini, kisha akawaambia vijana wake waanue mpunga ulioanikwa uani. Kijana mkubwa akacheka. "Baba, na jua lote hili?" Mzee hakujibu. Alianza kulikunja jamvi la kwanza peke yake. Ilipoadhiniwa Alasiri, majirani walikuwa wakichota mpunga wao kutoka kwenye madimbwi.

Swali la kwanza: Ni kitu gani kilichoanikwa uani? Jibu limo ndani ya habari, na mtoto anatakiwa alionyeshe kwa kidole. Hii ndiyo ngazi ya chini, yaani kutafuta lililosemwa wazi, na watoto wengi huifikia.

Swali la pili: Mzee aliona nini mbinguni? Hakuna mahali palipoandikwa. Mtoto anatakiwa aunganishe mambo mawili, kwamba mzee alitazama juu na kwamba baadaye yakawapo madimbwi, ndipo apate jibu kuwa aliona dalili za mvua. Hapa ndipo wengi hukwama. Atasema "haijaandikwa", na kwa upande mmoja amesema kweli. Kazi yetu ni kumzoeza kuuliza: kwa yaliyoandikwa, ni lipi lazima liwe limetokea?

Swali la tatu: Neno "waanue" lina maana gani? Mtoto wa mjini huenda hajawahi kulisikia. Asikimbilie kamusi kwanza. Atazame maneno ya jirani: mpunga umeanikwa, mzee anakunja jamvi, mvua inakuja. Akishakisia, ndipo kamusi imthibitishie.

Swali la nne: Je, yule kijana mkubwa alimsaidia baba yake? Wazazi, swali hili ni la makusudi, kwa sababu habari haituambii. Mtoto hodari ndiye atakayejibu kwamba hatujui. Anayejibu haraka "ndiyo, alimsaidia" ametia yake katika maneno ya mwandishi. Kutofautisha lililosemwa, linaloweza kung'amuliwa, na lisilojulikana ni elimu kubwa, nayo itamfaa siku atakapoanza kusoma habari zinazosambazwa kwenye simu.

Swali la tano: Isimulie habari hii kwa sentensi mbili, kisha uipe kichwa cha habari. Hapo tunapima kama ameshika wazo kuu au ameokota vipande. Anayeanza kuirudia habari yote neno kwa neno bado hajafika.

Swali la sita: Kwa nini mwandishi amesema kwamba mzee hakujibu? Ngazi hii ni ya juu, yaani kuhukumu namna habari ilivyosimuliwa. Mmoja atasema mzee alikasirika, mwingine atasema hakuwa na muda wa kubishana kwa kuwa mvua ilikuwa karibu. Yote mawili yanaweza kukubaliwa, ilimradi mtoto aeleze ametegemea neno gani katika habari.

Mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi una sehemu ya ufahamu katika Kiswahili, na maswali yake hayaishii ngazi ya kwanza. Lakini hebu tuutazame mtihani kwa upana zaidi. Swali la hesabu la maneno ni ufahamu, na maelekezo ya jaribio la sayansi ni ufahamu. Baada ya hapo, katika shule zetu za serikali hapa Tanzania, mtoto hutoka kwenye Kiswahili na kuingia sekondari kwa Kiingereza. Aliyezoea kutafuta maana katika lugha anayoijua ataitafuta pia katika lugha ya kigeni, japo kwa shida. Ambaye hakuizoea kamwe, sekondari itamfundisha kukariri.

Mtoto hajui kuwa hajaelewa

Wazazi wengi hutuambia: "Mimi humuuliza umeelewa, naye hujibu nimeelewa." Ndugu zetu, swali hilo halitoshi. Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Ellen Markman, aliwasomea watoto wa shule ya msingi habari zilizojipinga zenyewe. Mojawapo iliwahusu samaki wa kilindini. Ilisema kuwa pasipo mwanga samaki hawawezi kuona, ikasema kuwa chini kabisa ya bahari hakuna mwanga, kisha ikasema kuwa samaki wa huko hukitambua chakula chao kwa rangi. Watoto wengi, wakiwamo wa darasa la sita, hawakuona kasoro yoyote. Hawakudanganya walipodhani wameelewa. Kila sentensi peke yake waliielewa, ila hawakuziweka pamoja.

Nanyi mnaweza kujaribu nyumbani. Msomee mwanao habari fupi, katikati uchomeke sentensi isiyoingia akilini, mfano: "Baba alipanda samaki shambani, akaipalilia kila Ijumaa." Tazama kama atakusimamisha. Asipokusimamisha, usimcheke wala usimgombeze. Mwambie tu kuwa msomaji mzuri ni yule anayesimama na kusema, "Hapa sijaelewa." Katika nyumba na madrasa nyingi, zikiwamo zetu, mtoto anayesema hivyo huonekana mjinga, hivyo hujifunza kunyamaza. Fimbo ya mwalimu wa zamani iliwaondolea wengi wetu herufi mbaya, lakini iliwaondolea pia maswali.

Tufanye nini?

Kwanza, tutenge dakika 15 baada ya Maghribi au Isha, mara tatu au nne kwa juma. Mtoto asome aya mbili tatu tu, kisha kitabu kifungwe, asimulie. Mzazi asiyejua kusoma asijitoe katika jambo hili. Mama anaweza kusema, "Nisimulie mwanangu, mimi sijakisoma kitabu hicho," na akawa mwalimu bora kuliko sisi tunaojua, kwa sababu sisi humkatiza mtoto na kumjibia.

Pili, tutumie mambo manne ambayo Annemarie Palincsar na Ann Brown waliyajaribu kwa wanafunzi waliokuwa wakitamka vizuri bila kufahamu, wakachapisha matokeo yao mwaka 1984. Mtoto na mkubwa wanapokezana: anayeshika zamu hufupisha sehemu iliyosomwa, huuliza wenzake swali juu yake, hufafanua palipokuwa pagumu, na hutabiri yatakayofuata. Zamu inayofuata huchukuliwa na mwingine. Wanafunzi hao waliinuka sana katika ufahamu, na hapakuhitajika vifaa vya gharama. Ndugu watatu na kitabu kimoja wanatosha.

Tatu, mtoto akijibu, tumuulize: "Umelipata wapi?" Arudi kwenye andiko na kulionyesha. Akikosea, tusimpe jibu, bali tumrudishe kwenye mstari.

Nne, tuzungumze na watoto. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Wale waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu, lakini wanaujua mchezo huo, walikumbuka na kueleza zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Maana yake ni kwamba anayelijua jambo hupata pa kushikilia anapolisoma. Mtoto anayefuatana na baba yake sokoni, anayeelezwa namna maji yanavyojaa na kupwa, anayesikia visa vya Mitume na habari za babu zake, anajengewa ufahamu kabla hajafungua kitabu. Tunapompa simu ili anyamaze, tunamnyima hilo.

Tano, tuwape watoto maandishi yenye kazi. Tangazo la msikitini, risiti ya umeme, maelekezo ya dawa ya mimea, ratiba ya daladala la mkoani, hata kurasa za gazeti hili. Baada ya kusoma, mtoto aeleze nini kifanyike, lini, na nani. Ila kwa dawa za wagonjwa, tafadhali, mtu mzima ahakikishe kila mara. Tumejifunza kwa gharama.

Kwa upande wetu, kamati imekutana na walimu wa madrasa. Tumekubaliana kuwa kila Alhamisi, baada ya kisomo cha kawaida, watoto wa darasa la nne na kuendelea watasoma habari fupi ya Kiswahili na kuisimulia. Tena, kila sura fupi wanayoihifadhi wataelezwa maana yake kwa Kiswahili chepesi, nao waieleze kwa maneno yao. Zawadi ya msomaji bora haitatolewa tena kwa sauti na kasi peke yake.

Kuhusu kijana wetu, tulimfuata faragha ili asivunjike moyo, kwani alilia sana alipotambua lililotokea. Tulimwambia kuwa kosa lilikuwa letu kabla halijawa lake. Alhamisi iliyopita alipewa aya moja ya habari aisome mbele ya wenzake. Alisoma sentensi mbili, akasimama. Darasa likadhani amekwama kwenye neno. Akamgeukia mwalimu, akasema, "Ustadhi, hapa sijaelewa."

Mwalimu akamjibu, "Ahsante. Tuanzie hapo."

Tunamuomba Allah (SW) awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atusamehe kwa tuliyoyapuuza. Wallahu a'lam.